Povu la Ndimu

Leo nilipokuwa nikikamulia samaki ndimu, tone moja liliangukia kwenye kijishimo cha jiwe la kusagia liwa, ule msandali wa kujipaka, likatoa povu. Nikacheka peke yangu jikoni.

Siku moja utotoni mwangu, bibi alikuwa uani akichagua mawe ya kuchoma chokaa. Alilikuna jiwe kwa msumari, kisha akaukamulia ndimu ule unga wake. "Likitoa povu latufaa," akanambia. "Lisipotoa, litupe."

Sikutulia tena. Nilichukua ndimu na msumari, nikajaribu kila nilichokiona. Simbi ya pwani ikatoa povu. Ganda la yai nalo likatoa povu. Kigae cha mtungi kilikaa kimya, na kijiwe cheupe cha mtoni hata msumari hakikuukubali. Kumbe yai la kuku na tumbawe la kuchoma chokaa ni ukoo mmoja, na hakuna aliyewahi kunambia.

Kisha nikalikuna jiwe la liwa, alilokuja nalo bibi siku ya harusi yake. "Bibi, njoo uone, na hili la chokaa!"

Ndipo nikaona nimelichimba kijishimo katikati.

Bibi alilitazama, nami nikangoja kofi. Badala yake akavua shingoni ushanga mwekundu, ambao babu alimwapia kuwa ni marijani ya kweli, tumbawe jekundu la baharini, si kigae cha chupa.

"Na huu je?" akauliza taratibu.

Tukainama sote wawili, vichwa vikigusana. Nikakuna, nikakamua.

Ushanga ukatoa povu. Bibi akauvaa vivyo hivyo, umelowa ndimu.