Mia Mbili Nini?

Mama aliyepokea simu katika ofisi yetu ya maji hapa Garissa hakuwahi kuandika namba tupu. Mfugaji alipiga kutoka upande wa Dadaab, akasema kwa haraka, "Mia mbili, arobaini. Tuletee maji."

"Mia mbili nini, adeer?" mama akauliza, akimwita ami kwa Kisomali.

"Watu, eeddo!" akajibu, yaani shangazi. "Kwani huoni ukame?"

"Simu haina macho. Na arobaini?"

"Mbuzi. Wale dhaifu waliobaki nyumbani. Maji yetu yanaisha leo."

Ndipo mama akaandika kwenye daftari: watu 200, mbuzi 40. Mimi niliona anapoteza muda. Nilikuwa nimejifundisha programu mwenyewe, kila siku baada ya swala ya alfajiri, na nilikuwa nimeandika kipande cha msimbo cha kukadiria maji ya siku tatu. Nilikiita lita. Kilipokea namba mbili kwa kufuata nafasi: ya kwanza mbuzi, ya pili watu. Sikuufikiria mpangilio huo. Nyumbani kwetu mifugo ilihesabiwa kabla ya mtu yeyote kugusa chakula.

Nikanakili daftari lake kama lilivyo: lita(200, 40). Kompyuta haikulalamika. Ilitoa jibu dogo, nami nikaagiza lori dogo.

Injini ilikuwa imeshawashwa mama yule alipochungulia dirishani.

"Lile linakwenda wapi?"

"Kwa wale wa Dadaab."

"Watu mia mbili, siku tatu? Watakunywa kwa kijiko, injinia?"

"Programu ndiyo imesema, eeddo."

"Wewe uliiambia mia mbili nini?"

Nikayatazama tena mabano: programu ilikuwa imesoma mbuzi mia mbili na watu arobaini, na mbuzi hukadiriwa maji machache kuliko mtu. Alitoka uani mwenyewe, akagonga mlango wa dereva kwa kiganja mpaka injini ikazimwa. Lori kubwa liliondoka kabla ya adhuhuri.

Mchana ule niliongeza alama moja mwanzoni mwa mabano ya msimbo wangu, nyota ndogo. Tangu hapo lita hukataa namba isiyo na jina. Lazima uandike lita(watu=200, mbuzi=40), na hata ukianza na mbuzi, jibu ni lilelile. Kitabu changu cha kujifunzia programu kilikuwa na kurasa kadhaa juu ya jambo hilo, nami niliziruka nikidhani ni mapambo. Mama yule alikuwa akilifanya kwa kalamu miaka yote.

Nilimwita aone. Nikaandika namba mbili tupu, na kompyuta ikazikataa. Akainama karibu na kioo, akasoma polepole.

"Sasa inauliza," alisema, kisha akaenda kupokea simu iliyokuwa ikilia.