Majani ya Mturituri

Mwanamkasi alikuwa ameegemea ua wa mganga, uliotambaliwa na mturituri wenye mbegu nyekundu chini hadi juu, mwanawe akikohoa mbelekoni. Jua lilishapinduka, na yule mzee bado anachambua majani ya dawa! Kila jani aliligeuza, akalinusa, akaling'ata ncha, akatema. Kila mbegu nyekundu aliyoikuta aliibandua kwa ukucha akaitupia kifuuni. Akimaliza, anaanza upya.

“Babu, majani si ndiyo hayo hayo? Mtoto anakohoa!”

“Mbegu moja tu inaua, mwanangu.”

Hatimaye akamnyooshea fungu, lakini hakuliachia. Macho yake yalikuwa mgongoni kwa Mwanamkasi. Akaishika ngumi ya mtoto, akaikunjua kidole kimoja kimoja, akatoa mbegu nyekundu. Mwanamkasi, aliyekwisha fungua kinywa agombe, akajiondoa upesi kwenye ua.