Plaki Hazina Kinywa

Niliporudi kutoka Sange juma lililopita, jirani yangu wa Mulongwe aliniambia kwamba mzee wa mashine ameshazikwa. Nilikuwa njiani, kama kawaida yangu, na sikumsindikiza. Nyinyi wasomaji hamkumjua. Alitunza mashine ya mazutu, yaani jenereta ya dizeli, kwenye kile kiufukwe cha kupumzikia kusini ya Uvira, ambako mvua ikikata barabara mtu hufika kwa mtumbwi tu. Kila Jumapili alasiri aliiwasha, na mngurumo wake ukipanda mlimani, watu wa vijiji vya juu walijua kuwa vinywaji vimeanza kupoa na muziki uko tayari. Walishuka.

Mwaka ule mwenye kiufukwe alipoweka plaki za jua, zile paneli za umeme, niliandika hapa kwa furaha: moshi umekwisha, mafuta hayamwagiki tena ziwani. Mzee nilimtania kwamba zamani yeye ndiye aliyeamsha mashine, sasa jua litamwamsha yeye. Hakucheka. Jumapili ya kwanza friji zilijaa, spika ziliimba, na viti vikabaki vitupu. Huko juu hawakusikia mngurumo, wakadhani tumefunga. Jumapili ya pili ikawa vilevile, na mwenye mahali akaanza kusema atafunga kweli. Mzee, ambaye hakuwa tena na kazi pale, alipanda mlima kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Nilikutana naye akishuka, viatu mkononi.

“Weye mutembezi, uliandika zile plaki ni nzuri,” aliniambia. “Ni nzuri, minye sikatai. Lakini hazina kinywa. Nani ataita watu?”

Akafungua gurudumu la chuma la mashine iliyokufa, akalitundika kwenye nguzo, na tangu hapo kila Jumapili aliligonga kwa nyundo mpaka watu waanze kuonekana kwenye njia ya mlimani. Kazi yake ikarudi, ingawa haikuwa na jina.

Jumapili hii nimekwenda. Taa zinawaka, vinywaji ni baridi, ziwa limetulia, na hakuna mtu. Niliposifu plaki nilihesabu moshi na kelele kuwa uchafu mmoja. Sikujua kwamba ndani ya kelele ile mlikuwa na mwaliko, na nyuma ya mwaliko mtu. Nimeishika nyundo yake. Mpini umelika pale mkono wake ulipouzoea, na wangu haukai vizuri. Nimegonga hata hivyo.