Nyumba ya Familia Nne Nyamwaga

Nilipouza ng'ombe wangu sita ili nijenge nyumba ya kupangisha Nyamwaga, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikaa wiki mbili bila kuitikia shikamoo yangu. Ng'ombe hao niliwanunua mwenyewe kwa kushona sare za shule, na alilijua hilo. Kilichomuuma ni zizi kubaki tupu kwa ajili ya watu baki.

"Kupanga ni mambo ya mjini," aliniambia alipoamua kusema. "Hapa kila mtu ana kwao."

"Na mwalimu aliyehamishiwa hapa, shemeji, kwao ni wapi?"

Alichukua kofia yake akaondoka.

Mimi nilikujua kupanga. Nilikaa Tarime mjini miaka saba, familia nane kwa choo kimoja, na kila asubuhi nilisimama foleni na kopo la maji mkononi nikisalimiana na waume za watu. Kwa hiyo fundi aliponichorea safu ya vyumba na choo kimoja kule nyuma kwenye migomba, nilikataa. Nilitaka kila familia iwe na vyumba viwili, jiko lake na choo chake cha ndani.

"Mama, huku hawajengi hivyo," alisema.

"Basi wataanzia hapa."

Alipopiga kamba za msingi, niliona vyumba ni vidogo. Akasema msingi siku zote huonekana mdogo, nisihofu. Nikaenda nyumbani, nikarudi na majirani wawili wamebeba kitanda changu cha tano kwa sita. Tukakiweka ndani ya kamba. Watu waliokuwa wakienda gulioni walisimama wakacheka. Nikajilaza kwenye chaga tupu, kisha nikajaribu kushukia upande wa ukutani. Goti likagonga kamba. Fundi aling'oa vigingi akaongeza futi mbili.

Ujenzi ulinichukua misimu mitatu ya mahindi. Rangi haijakauka, nesi wa zahanati akaingia, wakafuata walimu wawili, mume na mke, kisha mfanyabiashara wa mahindi na familia yake. Ikabaki sehemu moja. Asubuhi moja shemeji akaja, akakaa kwenye kibaraza akizungusha kofia mikononi.

"Binti yangu amehamishiwa shule ya hapa," alisema. "Mume wake hawezi kulala kwa wakwe zake."

"Hawezi kabisa," nilisema.

"Sasa ile sehemu ya mwisho..."

Nilimpa funguo. Mkataba binti yake alisaini kama wengine, na shemeji alisimama pembeni akiusoma mstari kwa mstari. Sikumkumbusha neno lolote. Nilipofika nyumbani nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kiangazi cha kwanza kilinipima. Maji ya mvua tuliyoyavuna kwenye tangi yalishuka, na mfanyabiashara akaendelea kuoshea pikipiki yake. Nesi akafunga bomba la tangi kwa kufuli yake mwenyewe. Nikapigiwa simu na kila mtu. Nikaenda, nikawaketisha uani, nikawaambia tangi ni la familia zote nne na sitampa mmoja wao ufunguo. Wapange wao, mimi nitasimamia.

Walibishana mpaka jua likageuka. Mwisho binti wa shemeji akasema maji ya tangi yawe ya kupikia na kunywa tu. Mfanyabiashara alikuwa ameinamisha kichwa.

"Pikipiki itabeba madumu kutoka kisimani," alisema. "Ya kila nyumba."

Nesi akatoa kufuli yake. Mvua ziliporudi, hakuna familia hata moja iliyokuwa imehama.

Wiki iliyopita mama mmoja alitoka Nyanungu kuja kuiona nyumba. Aliingia jikoni kwa nesi, akafungua mlango wa choo, akapima sebule kwa hatua zake. Kisha akaniuliza nilimtoa wapi mwanamume wa kunisimamia ujenzi.

"Nilisimamia mwenyewe," nilimwambia.

Akatoa daftari kwenye mkoba, akaniomba nimweleze upya, polepole, kuanzia msingi.