Nilimpiga Mwanangu kwa Macho Niliyompa Mwenyewe

Mkosaji ni mimi. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma njiani. Nilimpiga mtoto wangu wa kumzaa, tena si mara moja, nikamtukana mbele za watu, nikamfukuza nyumbani. Na lile nililokuwa nampigia nilimpa mimi mwenyewe kabla hajazaliwa!

Jina langu siandiki. Huku kwetu Mbinga milimani watu tunajuana mno, na wapo watakaosoma hapa wakanitambua. Wanitambue tu. Mwanangu nitamwita Kasiani, ambalo si jina lake.

Mimi ni Mmatengo. Nimezaliwa kwenye kahawa na nimeolewa nikabaki kwenye kahawa, kwa sababu mume wangu ndiye aliyepanda mlima kuja kwetu. Yeye ni Mnyasa wa Lundo, kule chini ziwani. Alikuja Mbinga kufanya kazi ya useremala, tukapendana, akanioa. Ndugu zangu walinisema sana. "Umekosa wanaume mpaka umchukue mtu wa usipa?" Usipa ndio dagaa wa ziwa letu, tunawala sisi na wao, lakini siku hiyo neno hilo lilikuwa tusi. Niliwajibu kwa jeuri kwamba nampenda. Ila maneno ya ndugu yanaingia, jamani. Yaliniingia yakakaa.

Tukajaliwa watoto wawili, Imelda na mdogo wake Kasiani.

Kama hujui kahawa, kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unachuma nyekundu, unaacha za kijani. Ukichanganya, kituoni wanakonunua kahawa wanakurudishia mzigo wako na aibu juu. Imelda alianza akiwa mdogo kabisa, mikono yote miwili inakwenda, kikapu kinajaa huku anaimba nyimbo za kwaya. Kasiani alikuwa anasimama kwenye mti mmoja mpaka unatamani kulia. Anashika punje, anaiminya kwa vidole, anaiacha. Anashika nyingine, anaiminya, anaichuma. Mti mmoja asubuhi nzima!

"Unakamua ng'ombe?" nilikuwa namfokea. "Chuma!"

Nikimharakisha anachuma upesi, na akichuma upesi kikapu kinajaa kijani kitupu.

Siku moja nilimshika sikio nikamuuliza ana shida gani. Akaniangalia usoni akasema, "Mama, mbona zote zinafanana?"

Nilimzaba kofi palepale. Niliona ananidharau! Mtoto anayesoma ubao kutoka dawati la nyuma, anayemwona mwewe angani kabla yetu sote, aniambie nyekundu na kijani zinafanana? Nikasema huyu ni mvivu na ana kiburi juu yake. Tangu siku hiyo nikampiga marufuku kuminya. Akiminya namchapa vidole. Ole wangu! Vile vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake, maana kahawa iliyoiva ni laini, na mtoto alikuwa amejigundulia njia yake bila kufundishwa na mtu.

Mume wangu alikuwa ananiambia, "Mwache. Mpe jembe, mbona ngoro anazichimba vizuri kuliko wewe?" Ngoro ni yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, na kweli Kasiani alikuwa anazichimba utasema kapima kwa kamba. Mimi nasikia? Namjibu, "Huo uvivu ni wa kwenu. Kwetu hajawahi kutokea mtu asiyejua kuchuma kahawa. Hiyo ni damu ya ziwani." Nilimwambia hivyo mwaka ule, nikamwambia mwaka uliofuata. Yeye anameza, anarudi kwenye randa yake.

Sasa sikia siku yenyewe.

Kasiani alikuwa kidato cha pili, yuko likizo. Mimi nilikwenda msibani kwa shangazi yangu, Imelda alibaki bwenini kujiandaa na mtihani, baba yao ana kazi ya watu. Kasiani akaingia shambani peke yake. Niliporudi nikakuta gunia limejaa limesimama kibarazani, na yeye kasimama pembeni anacheka kwa aibu ya furaha. Alitaka kunifurahisha, kachuma upesi bila kuminya kama nilivyomwamuru. Nami nilifurahi! Sikulifungua hata. Nikaita bodaboda, nikalipeleka kituoni kabla jua halijawa kali.

Karani alilimwaga kwenye turubai. Akaangalia, akaniangalia. "Mama, hii ni kahawa au umetuletea mboga?"

Kituo kizima kilicheka. Na mimi ndiye nilikuwa na mdomo wa kuwasema wenzangu kila msimu kwamba hawajui kuchambua. Nilisikia uso unawaka.

Nilirudi na gunia langu, na majirani wawili watatu nyuma yangu wakijifanya wanapita. Nikalimwaga uani. Nikamwita Kasiani, nikampigisha magoti, nikamwambia achambue mbele ya watu wale. Akaanza kuminya moja moja. Nikachukua fimbo. "Tumia macho! Macho unayo ya nini?" Akaacha kuminya. Akachambua haraka haraka, machozi yanadondoka, akatengeneza mafungu mawili. Yote mawili yalikuwa sawa, nyekundu na kijani huku, nyekundu na kijani kule. Majirani wakacheka tena.

Nikasema maneno ambayo kama yangekuwa na mkia ningeyavuta yarudi. "Huyu si wangu. Huyu ni wa ziwani, na aende ziwani. Usikanyage hapa mpaka ujue kuchuma kahawa!"

Kesho yake baba yake alimpeleka Lundo kwa baba yake mdogo. Nilijua ni wiki mbili tatu, shule zikifunguliwa atarudi. Shule zikafunguliwa, Kasiani hakurudi. Baba yake akateremka kumbembeleza, akarudi peke yake. Akaniambia, "Anasema ulimkataza kurudi mpaka ajue kuchuma, na anasema hatajua." Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema njaa itamrudisha. Haikumrudisha. Shule aliiacha hapohapo, kijana aliyekuwa anapata alama nzuri za hesabu kuliko darasa zima.

Miaka ikapita hivyo. Salamu zake zinakuja kwa baba yake na kwa dada yake. Mimi nasalimiwa kwa jumla, kama majirani.

Juzijuzi macho yangu mwenyewe yakaanza kunisumbua, sindano siwezi kutia uzi, nikaenda kwa daktari wa macho hapo mjini. Binti mdogo tu, katoka mikoa ya mbali huko. Nikakaa kwenye benchi, mlango wazi. Ndani alikuwepo kijana anayetaka kwenda kusomea umeme, daktari anamwonyesha kitabu chenye vidoti vya rangi rangi. Katikati ya vidoti kuna namba. Mimi kutoka kule kwenye benchi, na ubovu wangu wa macho, namba naiona! Kijana kimya.

Nikaropoka, "Si hiyo hapo! Mbona imekaa wazi?"

Watu wakacheka. Kijana hakugeuka. Akasema polepole, "Daktari, mimi naona vidoti tu. Vyote vinafanana."

Jamani! Maneno ya Kasiani hayohayo! Nilipoingia sikutaja miwani. Nikamuuliza, "Daktari, yule kijana ana nini?"

"Siwezi kukueleza habari za mgonjwa mwingine, mama. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza habari za Kasiani, za kuminya, za mafungu mawili. Fimbo sikuitaja. Akaweka kalamu chini. Akasema bila kumpima hawezi kuapa, lakini inaelekea ni upofu wa rangi, mtu haoni tofauti ya nyekundu na kijani kama tunavyoiona sisi, na huwa anazaliwa hivyo.

Nikauliza haraka, "Karithi kwa baba yake?" Yaani hata pale! Hata pale bado nilikuwa namtafuta mtu wa ziwani!

"Hapana, mama. Hii baba hampi mtoto wa kiume. Vinasaba vyake vinakaa kwenye kromosomu ambayo mtoto wa kiume anaipata kwa mama tu." Aliona sielewi, akasema, "Chukulia una mablanketi mawili. Moja limetoboka, lakini zima linalifunika, husikii baridi, wala hujui kama una bovu. Wewe mwanamke unayo mawili. Mtoto wa kiume kwako anapata moja tu. Ukimpa zima, bahati yake. Ukimpa lililotoboka hana la kujifunikia." Kisha akauliza, "Baba yako mzazi alikuwaje?"

Hapo nikakumbuka.

Baba yangu hakuchuma kahawa. Alikuwa anapogoa miti na kubeba magunia, kuchuma akawaachia mama na sisi, na watu wote walisema mzee anajua nafasi yake. Lakini nilipokuwa mdogo, siku nyingine tukiwa wawili tu shambani, alikuwa ananiita, "Mwanangu, njoo unionyeshe zilizoiva." Mimi namwonyesha, yeye anachuma. Nilijiona mtoto wa maana kuliko wote duniani! Sokoni nyanya alikuwa anazibonyeza moja moja, muuzaji anamfokea, yeye anacheka. Nilimpenda baba yangu kwa mambo hayohayo. Nilipomwambia daktari, akasema basi hapana shaka, binti wa baba wa namna hiyo lazima aibebe kasoro hiyo, na hata Imelda huenda anaibeba.

Nilirudi nyumbani bila miwani. Wakati wa kula nikamweleza mume wangu kila kitu. Akaacha kula.

"Kwa hiyo siyo ziwani," akasema.

"Siyo ziwani."

"Haya." Akachukua sahani yake akaenda kula nje. Ningependa anitukane. Mpaka leo hajanitukana, na mpaka leo anakula nje.

Wiki hiyohiyo nilipanda basi la Mbamba Bay, halafu bodaboda mpaka Lundo. Nilimkuta Kasiani kwenye vichanja vya kuanikia usipa, anawapitishia vidole kujua waliokauka na wasiokauka. Mtu mzima, mabega ya baba yake. Kule wanamsifu, wanasema mkono wake haukosei.

"Shikamoo, mama." Akanipa kiti. Akaagiza niletewe chakula. Heshima yote, lakini heshima ya mgeni.

Nilimweleza. Vinasaba, mablanketi, babu yake, yote. Na mimi mjinga nilikuwa naeleza kwa furaha, kama nimemletea zawadi! Nikamalizia, "Kwa hiyo halikuwa kosa lako, mwanangu! Ungenieleza tu!"

"Nilikueleza," akasema.

Akaendelea kuwageuza usipa wake. Kisha akauliza, bila hasira, "Mama, na kama ningekuwa naona vizuri, ila ni mvivu tu? Ningestahili vile?"

Nikashika usipa wachache, nikaanza kuwageuza na mimi.

"Na babu, yeye alipigwa?"

"Hapana."

"Mlimfanyaje?"

"Nilikuwa namwonyesha zilizoiva."

Nilitamani achukue fimbo anichape, lakini yeye si mtu wa hivyo, hilo hakulirithi kwangu. Nikamwomba arudi nyumbani, hata Krismasi tu. Akasema, "Msalimie baba." Akanifungia usipa kwenye mfuko, akanitafutia bodaboda mzuri, akamwambia aendeshe taratibu kwa sababu amebeba mtu mzima. Nililia kutoka Lundo mpaka barabara ya lami, na yule kijana wa bodaboda akadhani nimefiwa.

Imelda sasa ana mtoto wa kiume, anatambaa hapa na pale. Nimemwomba amlete kwangu msimu huu nikae naye. Akanijibu kwa upole, "Nitamleta, mama, kahawa ikishaisha." Nimemwelewa. Ningekuwa yeye na mimi nisingemleta.

Wewe unayesoma, najua unaye mtoto mmoja nyumbani anayekushinda. Hashiki anachofundishwa, anaangusha, anachelewa, anakujibu majibu usiyoyaelewa, na umeshaamua kaupata wapi ujinga huo, yaani kwa ukoo wa mwenzako. Acha! Hujui ulichombebea. Muulize anaona nini, halafu akikujibu, mwamini.

Na usije ukasubiri kama mimi mpaka daktari akuhakikishie kwamba mtoto hana kosa ndipo umwonee huruma. Kasiani hataki huruma ya namna hiyo. Aliitaka siku ile uani, alipokuwa amepiga magoti, wakati mimi bado naamini ni mvivu.