Njia ya Kokoto Kando ya Mto Lot

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Nimeuza mayai ya kuchemsha Machakos nikiwa na miaka kumi na miwili, nimelala chini ya meza ya fundi viatu, nimeingia Birmingham na begi moja lililovunjika zipu. Leo nina ghala langu hapa mtaa wa Nechells, na Wakenya wa mji huu huniletea mapipa, magodoro na friji niwasafirishie Mombasa. Shule niliiacha darasa la sita. Wenye digrii ndio huniandikia barua, mimi kazi yangu ni kuweka sahihi tu. Kwa hiyo nilipotimiza miaka hamsini na mbili nilijiona nimeshamaliza kuona.

Rafiki yangu ninayeandika habari zake hapa nilikutana naye mtaa wa Newtown, tukipanga chumba kimoja chenye godoro moja. Yeye alikuwa akihudumia wazee usiku kwenye nyumba ya malezi, mimi nikipakia malori mchana, kwa hiyo lile godoro halikuwahi kupoa. Ni Mkamba kama mimi, mtu wa Kitui, mpole, mtu wa kukubali. Baadaye alioa nesi, mwanamke wa maneno machache, wakahamia Kingstanding. Mimi nikatajirika, yeye akabaki na wazee wake, lakini urafiki haukupungua hata siku moja.

Kisha akapata ugonjwa wa sukari. Kwanza alipewa vidonge, halafu sindano ya insulini kila asubuhi. Kliniki wakamwambia afanye mazoezi, atembee. Nikasema kutembea ni kwa wasio na marafiki. Nikanunua baiskeli mbili, zile za matairi mapana za kupita kwenye kokoto, kila moja bei ya gari kuukuu. Kila Jumamosi tulifuata njia za kando ya mifereji, tukipita nyuma ya viwanda, mpaka tukatoka nje ya mji. Sukari yake ikashuka, tumbo likaingia ndani. Kanisani nilisema wazi kwamba hospitali ilishindwa na mimi nimemponya. Watu walicheka, lakini nilikuwa nasema kweli kabisa moyoni.

Mteja mmoja ndiye aliyenieleza habari za Ufaransa. Alisema kwenye bonde la mto Lot kuna njia za mashamba, za mawe meupe yaliyosagwa, unaweza kuendesha siku nzima usione lori. Nikasema tutakwenda mwezi wa sita. Wenzetu wakasema, tangu lini Mkenya anakwenda Ufaransa kuchoshwa na baiskeli? Basi hapo ndipo nilipoamua kabisa. Nililipa kila kitu: feri, mafuta ya gari langu la mizigo, chumba kwenye nyumba ya mkulima. Bima pia niliinunua mimi, kwa simu, nikisubiri foleni ya feri. Palipouliza ugonjwa nikaandika hakuna, kwa sababu ukiandika upo bei inapanda.

Siku ya pili asubuhi, yeye akijidunga sindano tumboni, mimi nilikuwa nafungua mikoba yote na kuipanga upya. Kupakia ndiyo kazi yangu. Mtu hapakii kitu mbele yangu kisha nikaacha kukipakua. Kwenye mkoba wake nikakuta pakiti tatu za peremende na chupa mbili ndogo za soda.

"Hii ni nini?"

"Shemeji yako amenifungia. Nikianza kutetemeka nakula."

"Mgonjwa wa sukari anabeba sukari? Si hiyo ni kama mlevi kwenda ibada na chupa mfukoni?"

Akacheka. "Mkubwa, iache tu. Ni ya dharura."

"Dharura nitaimaliza mimi. Wewe utakula njugu, hazina sukari."

"Lakini manesi wanasema..."

"Manesi ndio walikupa mazoezi? Baiskeli alinunua nani?"

Akavuta zipu ya koti. "Haya bana. Wewe ndiye tajiri." Nikaziweka peremende na soda chini ya kiti cha gari, nikafunga mlango. Yeye alijua zaidi yangu. Alikuwa na miaka mingi akiwahudumia wazee wenye ugonjwa huohuo. Alinikubalia kwa sababu nilikuwa nimelipa.

Nilimharakisha tutoke kabla ya jua, akala kipande cha mkate tu. Njia ilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma. Mto ulikuwa chini kushoto, wa kijani, na upande wa pili majabali marefu. Shida ya kokoto ni kwamba hazikupi nafasi ya kupumzika. Hata kwenye mteremko unashika usukani kwa nguvu, mikono inakufa ganzi. Kilomita ya thelathini alikuwa bado ananitania kwamba makalio yangu yameongezeka. Kilomita ya arobaini hakusema kitu.

Karibu saa sita mchana nikageuka nikamwona yuko nyuma sana, anayumba, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni.

"Mzee, hata wale bibi zako wa nyumba ya malezi wangekupita!"

"Nyamaza, mwizi wewe," akasema.

Miaka yote ile hakuwahi kunitukana. Nikacheka, nikadhani ni uchovu. Alishuka, akaiangusha baiskeli katikati ya njia, akaanza kutembea kuelekea shamba la mahindi huku akiongea Kikamba, akimuuliza mama yake kama mbuzi wamenyweshwa. Mama yake alikufa zamani. Nikamshika bega. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akanyoosha mkono.

"Nipe kitu tamu."

"Hapana. Hiyo ni sukari imepanda. Kunywa maji."

"Nipe tamu, nakuomba."

Nikampa njugu. Alitafuna, akazitema, zikabaki kwenye ndevu. Nikamwongoza chini ya miti ya jozi iliyokuwa kando ya njia, nikamkunjia koti langu awekee kichwa. Akalala mara moja. Nikajiambia mwili wa mtu wa zamu za usiku unadai deni lake, acha alale. Nikakaa karibu naye nikala mkate wangu na soseji. Niliona nimemwokoa. Nilikuwa hata nimeanza kupanga jinsi nitakavyomsimulia mkewe.

Alilala kwa muda wa karibu saa tatu. Nilimwangalia mara kwa mara, nikasikia anakoroma, nikaridhika. Halafu mkoromo ukabadilika, ukawa kama mtu anayevuta maji kwa mrija. Nikamtazama vizuri: povu mdomoni, suruali imelowa, jicho moja limefunguka nusu. Nikampiga kofi. Nikamwita kwa jina lake la nyumbani. Hakuna.

Nilikimbia mpaka nyumba ya kwanza. Mama mmoja mzee wa Kifaransa alikuwa akimwagilia nyanya. Sikuwa na neno hata moja la lugha yake, na Kiingereza hakukijua. Nikapiga simu ghalani kwangu, kwa mfanyakazi wangu Mkongo, kwa sababu Kifaransa anakijua. Nikaweka sauti ya juu, nikampa yule mama simu, tukawa tunakimbia huku wanaongea.

"Patron," sauti ikasema, "mama anauliza, ye iko na sukari?"

"Ndiyo! Ndiyo, ana sukari!"

"Anauliza alikula nini."

"Njugu."

"Njugu tu?"

"Na maji."

Wakasema tena Kifaransa, yule mama akageuka akarudi nyumbani mbio, umri ule, viatu vikimtoka. Alirudi na chupa ya asali na simu yake sikioni akiita ambulensi. Akapiga magoti kwenye kokoto, akamgeuza ubavu, akampaka asali ndani ya mashavu kwa kidole.

"Patron, anasema bwana yake alikuwa na ile ugonjwa. Anasema sukari yake imeshuka, haikupanda. Juu ya nini haukumupa sukari?"

Hapo ndipo niliposhangaa. Sikujua kama sukari ya mgonjwa kama huyo inaweza kushuka mpaka ikamwangusha. Nimezunguka dunia na hilo sikulijua, na mke wake alilijua, na yeye alilijua, na mama wa nyanya alilijua.

Shemeji alifika hospitalini kesho yake jioni. Alisoma karatasi zote kwanza kabla ya kunitazama. Mumewe alikuwa amelala na mipira puani.

"Peremende zake zilikuwa wapi?"

"Zilibaki kwenye gari."

"Alizisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ameniachia mlango wazi kabisa, na mumewe asingeweza kunipinga.

"Nilizitoa mimi."

"Alikuomba?"

"Mara mbili."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza saa alizolala, nikamwambia, akahesabu kwa vidole. Halafu akasema, "Shemeji, mrudishe nyumbani. Mimi sina la kukuambia zaidi."

Rafiki yangu aliamka baada ya siku tisa, lakini si yule. Sasa yuko Kingstanding, mkewe amepunguza zamu, na msaidizi huja asubuhi kumwogesha na kumvalisha. Nikienda anacheka, ananiuliza kama ameshadungwa sindano. Namwambia ndiyo. Baada ya dakika ananiuliza tena. Shemeji hunifungulia mlango, hunipa chai, na hutoka chumbani.

Bima walikataa kulipa, kwa lile neno hakuna nililoliandika. Kanisa likataka kuitisha harambee, nikasimama mbele yao nikasema hakuna mtu atakayetoa hata peni, nitalipa mwenyewe, na nikalipa. Niliuza malori mawili na zile baiskeli. Ndege ya wagonjwa, daktari mmoja, nesi mmoja, ambulensi ya kule na ya huku: pauni elfu kumi na nane, mia sita arobaini na tatu, na peni themanini.