Siku Niliyosimamisha Nyatiti

Jumapili moja pale Suna hainitoki akilini, mwanangu, na kila nikikuona ukizungusha vitufe vya redio bila kutulia, inanirudia. Nilikuwa msichana asiyesomea ufundi wowote. Nilijifunza spika kwa kufungua zilizokufa na kuzifunga tena, na nilikuwa nimejiundia mbili za plaiwudi. Hatukuwa na stima, kwa hivyo niliziunganisha na redio kaseti yetu nikaiwasha kwa betri ya gari.

Siku hiyo Dani, nyanya yangu, alikuwa ametoka Mbita. Hakuja kuniona mimi. Alikuja kusikiliza kaseti ya nyatiti ambayo baba alirekodi babu akiwa hai. Sasa babu hakuwapo, na sauti yake ilibaki humo tu. Alasiri Dani angepanda gari la Homa Bay arudi kwake.

Wewe hujakaa kwenye ngoma ya nyatiti, ile ala yetu Waluo ya nyuzi nane, nikueleze. Katikati ya wimbo mtu anaweza kumnyamazisha mpigaji, asimame, ajisifu: jina lake, kwao, mke wake, ng'ombe wake. Tunaita pakruok. Akimaliza, nyuzi zinaendelea. Babu alikuwa humo ndani akijisifu, muda mfupi baada ya wimbo kuanza.

Lakini mimi nilitaka sauti isiyo na dosari. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugonga nayo mbao. Nilitaka isikike kama chuma, si kama sufuria. Spika ya kulia ilikoroma. Nikaijaza blanketi kuukuu. Nikazisogeza zote mbali na ukuta, nikarudisha kaseti nyuma, nikasikiliza, nikarudisha tena. Tangu asubuhi nilikuwa hivyo. Watu wa nyumbani waliokaa kusikiliza wakianza tu kuongea nilizima, maana kelele za vikombe hazikunisaidia kupima besi. Niliwaza: je, Dani akisema huyu si babu?

"Hapo ilikuwa nzuri," Dani alisema.

"Bado, Dani. Besi inavuma."

"Hata babu yako alivuma."

Nikazima tena. Ndipo alipogonga kiti kwa kiganja.

"Nyakwara, mjukuu wangu, umesimamisha nyatiti. Haya, simama ujisifu."

"Dani, najaribu tu spika..."

"Anayesimamisha nyatiti ana neno. Sema lako, ama uache watu wasikie."

Niliwasha, nikaweka mikono chini ya mapaja ili isiguse kitu. Nyuzi zilianza vizuri, kisha nikahisi zinachoka. Betri! Nilikuwa nimeimaliza mwenyewe kwa majaribio yangu.

"Simamisha, mpigaji!" babu alisema kwa Kiluo. "Ni mimi Ojwando, mume wa Aloo wa Rusinga, mwanamke anayecheka hadi kuku wanakimbia!"

Dani akacheka, na kweli kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Halafu sauti ikawa nzito, ikajivuta, ikakatika katikati ya neno.

Nilirukia nyaya nikilia. "Nitaichaji, Dani, naenda kwa mashine ya kusaga wanakochaji betri..."

"Jumapili wamefunga. Kaa."

Akasimama, akajifunga leso vizuri, akamalizia yeye: "...niliyevuka maji kwa mtumbwi wa kuazima kumfuata, nikasahau pa kuurudisha!"

Kisha akachukua mkoba wake akaenda stendi.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Betri ilipojaa niliibeba hadi Mbita pamoja na redio na kaseti. Spika zangu niliziacha Suna. Redio yenyewe ilisikika kama mtu aliye ndani ya debe, na sikugusa kitufe hata kimoja. Maneno yalikuwa yale yale aliyomalizia Dani. Lakini mwishoni babu alicheka, kicheko kifupi cha puani, na hicho Dani hakuwa amekikumbuka. Alifunika mdomo kwa leso.

Mwanangu, naijua hiyo mikono yako isiyotulia, niliyekupa ni mimi. Pima sauti, jaza mablanketi, sogeza spika upendavyo. Ila kwanza uliza ni nani ameketi akisubiri, naye anasubiri kumsikia nani. Mpigie wimbo hadi mwisho mara moja, ukiwa umeikalia mikono. Makosa utayarekebisha akishasikia.

Mungu akupe masikio makali na moyo mtulivu, na siku utakayosimamisha nyatiti, uwe na neno la kusema.